Barua kwa Salma: kiwanja ni cha nani?

Mwanangu Salma,

Sisi huku Tanga hatujambo. Mama yako anasema muhogo wa Pongwe safari hii umekubali.

Umeuliza kama wewe na mumeo mtoe akiba yenu mkafungue duka la baga hapo Chicago kwa jina la kampuni kubwa, kwa kuwa baba yenu aliwahi kuifanya kazi hiyo. Mimi nilikaanga chipsi tu. Lakini tajiri wangu, yule Mmarekani Mweusi wa South Side, mitaa ya kusini mwa Chicago, nilimjua vizuri.

Historia aliipenda kuliko baga zake. Alipouawa Martin Luther King, Aprili 1968, mitaa ikawaka moto na Wazungu wenye maduka wakaanza kuhama. Desemba mwaka huohuo Herman Petty akapewa duka la McDonald's hapohapo Chicago, Mweusi wa kwanza. Mwaka 1969 watu wa Cleveland wakasusia maduka ya kampuni hiyo, wakitaka wamiliki Weusi. Rais Nixon naye akaja na sera yake ya ubepari wa Weusi, yaani Weusi wasaidiwe kumiliki biashara. "Tulidai haki," tajiri alikuwa akisema, "tukapewa karai la mafuta." Halafu anacheka mpaka anakohoa.

Usiku mmoja baada ya kufunga akanifunulia daftari juu ya kaunta. Mstari wa kwanza: asilimia ya mauzo, kwa kampuni. Wa pili: pango, kwa kampuni ileile. Mauzo, Salma, siyo faida! Hata mwezi wa hasara unalipa. Kampuni yake siitaji, ila hata McDonald's walianza mapema: mwaka 1956 mtu wao wa fedha, Harry Sonneborn, aliwaundia kampuni ya viwanja ya kuwapangisha wenye maduka, na pango likawa nguzo yao. Ndiyo maana nasema kila siku, uliza kwanza kiwanja ni cha nani. Unajua yaliyompata mjomba wako na ile fremu ya Ngamiani.

Lakini nisimdhulumu marehemu. Vijana wa mtaa ule walipata mshahara wao wa kwanza kwake. Jumamosi timu yake ya besiboli ilikuwa ikiingia na jezi zenye vumbi, naye anavaa aproni mwenyewe, anawakaangia, hataki mtu amsaidie. Bila lile jina kubwa benki gani ingemkopesha? Basi lilimfaa. Lilimfaa mpaka mkataba ulipoisha wakakataa kumwongezea. Mimi ndiye niliyembebea vikombe vya timu hadi kwenye gari. Jiko, viti, wateja aliowazoea, vyote vikabaki kwa wenye kiwanja.

Mama yako amesoma hapa, anasema sijajibu swali. Nikisema msinunue, mtasema mzee anaziba riziki. Nikisema nunueni, nitakuwa namwona yule na vikombe vyake. Kwa hiyo sisemi, ingawa ulimi unaniwasha kwelikweli. Nitumieni ukurasa wa mkataba unaoeleza kiwanja ni cha nani, miaka mingapi, na nani anaamua kuongeza. Mumeo asitie saini kabla sijausoma.

Baba yako