Hesabu ya hewa ukaa inaanzia kwenye risiti za dizeli

Wiki hii dada mmoja, mhasibu wa kampuni inayosafirisha mboga kutoka Arusha, kaniandikia: "Kaka, mnunuzi wetu wa Ulaya anataka hesabu ya hewa ukaa yetu ya mwaka mzima. Bosi kanitupia mimi. Nianzie wapi?" Najua si yeye peke yake aliyetupiwa mzigo huo, kwa hiyo jibu naliweka hapa.

Anza na lita. Achana na idadi ya malori, achana na programu za kulipia. Kwenye kampuni niliyofanyia kazi Dar, malori yalikuwa yanapita Tunduma kwenda Zambia na Kongo, na mimi ndiye niliyekabidhiwa maboksi ya risiti. Nilichukua mafuta yaliyokuwemo kwenye tangi la yadi Januari mosi, nikajumlisha yote yaliyonunuliwa mwaka ule, ya sheli za njiani yakiwemo, nikatoa yaliyobaki Desemba 31. Nilichopata nikazidisha kwa 2.68, maana lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.68 za hewa ukaa. Lita 10,000 ni tani 26.8. Basi.

Bosi wangu alicheka. "Lita yenyewe haifiki kilo moja, hizo kilo mbili na ushee zinatoka wapi?" Swali hilo nilikuwa nalisubiri. Lita ya dizeli ina uzito wa kama gramu 840, na kama 720 kati ya hizo ni kaboni. Ikiungua, kila atomu ya kaboni, yenye uzito wa 12, hubeba atomu mbili za oksijeni zenye 16 kila moja. Ile 12 inakuwa 44. Uzito mwingi hautoki kwenye tangi, unatoka kwenye hewa inayovutwa na injini. Bosi alinyamaza, nami sikuficha tabasamu.

Kilichomwamsha kabisa ni kingine. Nilipoweka lita kando ya kilomita, malori mawili ya aina moja, yanayokwenda njia moja na mzigo wa uzito uleule, yalipishana mno. Dizeli ilikuwa inanyonywa njiani. Mabadiliko ya tabianchi hayakumkosesha usingizi, wizi ulimkosesha. Kwa hiyo kilomita zitunze kwa ajili ya kukagulia, lakini hesabu yenyewe ifanye kwa lita.

Kisha akaletwa mshauri mwelekezi, na suti yake na slaidi zake. Alichukua jedwali langu, akalipaka rangi, akabandika nembo yake, akalipwa. Jina langu halikuwamo hata kwenye shukrani. Watu huniambia nisahau. Wao hawakukesha na zile risiti.

Turudi kwako, dada. Malori yako ya ubaridi mara nyingi yana injini ya pili ya kupoza mboga, yenye tangi lake. Hiyo nayo ni dizeli, isikupite. Jenereta la ofisini linajazwa kwa madumu yanayolipiwa kwa pesa ndogondogo, na hapo ndipo lita nyingi hupotea kwenye vitabu. Petroli zidisha kwa 2.3 hivi. Gesi ya mitungi ya kantini, kila kilo moja hutoa karibu kilo tatu. Mwongozo wa kuhesabu gesi joto uitwao GHG Protocol, ambao wanunuzi wengi wa Ulaya wanaufuata, huweka mafuta mnayochoma wenyewe fungu la kwanza, umeme wa kununua fungu la pili, na malori ya kukodi kwa kawaida huangukia la tatu. Usiyachanganye hata kama bosi ana haraka.

Vijana wenzangu mlio kwenye uhasibu, acheni kuogopa kazi hii kwa sababu imeletwa na Wazungu na majina marefu. Ni lita. Mnazijua lita kuliko mshauri yeyote. Na kabla ya kutuma jedwali, andika "Imeandaliwa na", jina lako kamili, chini ya kila ukurasa, kisha ligeuze kuwa PDF.