Maswali Yenu: Kuweka Faili Kwenye Diski za Wenzako

Swali: Habari za kazi. Nimeelewa kwamba naweza kuwagawia wenzangu nafasi kwenye diski yangu, nami nikaweka faili zangu kwenye diski zao bila kupitia seva ya kampuni yoyote. Kinachonitia wasiwasi ni siri. Mwenye diski atashindwaje kufungua nyaraka zangu?

Jibu: Atashindwa ikiwa tu faili inasimbwa, yaani inageuzwa isisomeke bila ufunguo, kwenye kompyuta yako mwenyewe kabla haijatoka. Tahoe-LAFS, programu huria, inafanya hivyo: inaisimba faili, inaikata vipande, kisha inavitawanya. Mwenzako akichungulia folda ya hifadhi atakuta vijifaili ndani ya folda zenye majina yasiyosomeka, wala hatajua kama ni picha au mkataba.

Wasiwasi wako uhamishie kwenye ufunguo. Katika Tahoe-LAFS ufunguo wa folda ni mstari mmoja mrefu unaoanza na URI:DIR2, nao hutunzwa kwenye kifaili kiitwacho aliases, ndani ya folda ya private. Anayeupata anasoma na kubadilisha kila kitu. Ukiupoteza, hakuna fundi wala msimamizi wa kukurudishia. Wengi huumia hapa: ufunguo wanauacha kwenye diski ileile wanayoiwekea akiba. Siku diski inapokufa, vipande viko salama kwa wenzao lakini havifunguki tena. Uchapishe kwenye karatasi, au uuweke kwenye flashi isiyokaa nyumba moja na kompyuta.

Swali: Kundi letu lina kompyuta 10 za kawaida, na kila mtu huzima yake anapokwenda kulala. Nikihitaji faili usiku si nitaikosa?

Jibu: Kwa mpango huo, ndiyo, utaikosa. Tueleze kwa nini, kwa sababu hili ndilo swali kubwa kuliko yote katika hifadhi ya aina hii.

Programu haitunzi nakala nzima nzima. Inatumia mbinu ya Irving Reed na Gustave Solomon ya mwaka 1960: faili inageuzwa kuwa vipande 10, na vyovyote 3 kati yake vinatosha kuirudisha nzima. Huo ndio mpangilio wa kawaida wa Tahoe-LAFS. Faili ya MB 300 inachukua MB 1,000 kwa jumla, yaani MB 100 kwa kila kompyuta.

Tuseme kila kompyuta huwa hewani nusu ya muda, kila moja kwa saa zake. Uwezekano wa kutofikisha vipande 3 ni takriban asilimia 5.5. Ungetunza nakala 3 kamili, ambazo hula nafasi karibu ileile, ungekosa faili kwa asilimia 12.5. Pandisha muda wa kuwa hewani ufike asilimia 80: vipande vitakukosesha faili chini ya mara 1 katika 10,000, ilhali nakala 3 zitakukosesha mara 8 katika 1,000. Ndiyo maana saa za kuwa hewani zina thamani kuliko ukubwa wa diski. Wuala, huduma ya hifadhi ya Uswisi iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2008, iliwalipa watumiaji wake kwa kipimo hicho: aliyetoa GB 10 na kuwa hewani asilimia 70 ya muda alipata GB 7.

Lakini hesabu hiyo yote inadai kompyuta zizimike kila moja kwa wakati wake. Nyinyi mnalala pamoja, kwa hiyo vipande navyo vinatoweka pamoja. Kompyuta 10 zinazotegemea umeme wa jengo moja zina udhaifu uleule. Chagueni angalau 4 zisizozimwa kabisa, ziwe majengo tofauti, na kwenye mipangilio ya umeme ruhusuni skrini tu ilale, kompyuta yenyewe isilale.

Swali: Nimepakia GB 100, siku ya tatu sasa bado. Mara nyingine inagoma kabisa na kuandika UploadUnhappinessError.

Jibu: Kwa kasi ya kupakia ya megabiti 5 kwa sekunde, GB 100 tupu ni saa 44 hivi. Kwa vipande 3 kwa 10 unatuma GB 333, nazo ni siku 6 na ushei. Hakuna kilichoharibika. Ikiwa mmoja wenu ana intaneti yenye kasi, mashine yake inaweza kuwashwa kama msaidizi: wewe unatuma faili iliyokwisha kusimbwa mara moja tu, na yeye anaikata na kuisambaza.

Huo ujumbe wa kugoma unamaanisha zimepatikana seva, yaani kompyuta za wenzako zinazopokea vipande, pungufu ya 7, kiwango ambacho programu hudai kwa kawaida. Kwa kundi la kompyuta 5, fungua faili ya mipangilio, tahoe.cfg, na uandike shares.needed = 2 (vipande vinavyotosha kuirudisha faili), shares.happy = 4 (seva zinazodaiwa) na shares.total = 5 (vipande vyote), kisha uiwashe programu upya. Faili za zamani zitabaki na mpangilio wao wa awali. Usikubali mtu akushauri kuiweka happy iwe 1 ili ujumbe upotee: vipande vyote vinaweza kurundikana kwenye mashine moja, na programu itakuambia kazi imefanikiwa.

Swali: Nina diski ya nje ya TB 2. Niitoe yote?

Jibu: Hapana. Kwenye tahoe.cfg weka reserved_space = 200G, yaani nafasi ya kuachwa wazi, maana diski iliyojaa pomoni huzubaa. Hatari kubwa zaidi ni waya wa USB. Ukichomoka, kwenye Linux folda inabaki tupu na programu inaweza kuanza kujaza diski ya mfumo. Iunganishe diski kwa UUID, namba yake ya utambulisho, ndani ya /etc/fstab, faili inayoiambia Linux diski ipi iunganishwe wapi, na folda tupu iliyo chini yake iwe haiandikiki. Wenye faili nao waendeshe amri ya tahoe deep-check --repair --add-lease kila wiki, ili vipande vilivyopotea vitengenezwe upya wakati vilivyobaki bado vinatosha.

Swali: Sisi tuko wawili tu.

Jibu: Tahoe-LAFS itawachosha bure. Tumieni Syncthing, programu ya kufananisha folda kati ya kompyuta, ambayo inaweza kumtumia mwenzako folda iliyosimbwa kwa nenosiri lako. Ila ujue inalinganisha folda: ukifuta kwako, na kwake inafutika. Utunzaji wa matoleo ya zamani uwashwe kwenye kompyuta ya mwenzako, kwa sababu Syncthing hutunza tu yale yaliyobadilishwa au kufutwa na upande wa pili. Ukiuwasha kwako peke yako, ulichokifuta kwa mkono wako hakitapatikana popote.