Samaki kufa baada ya kubadilisha maji

Ndugu wa Goma, umeuliza kwa nini samaki wako wa akwarium wanakufa. Samaki kuhema juu na matamvua kuwa mekundu saa chache baada ya kubadilisha maji yote, hiyo ni dalili ya klorini, dawa ya kuua vijidudu iliyo katika maji ya robine (bomba). Inaunguza matamvua.

Teka maji kwenye beseni pana, si bidoni la mdomo mwembamba, ili klorini itoke. Acha wazi saa 24 hadi 48, ukikoroga mara kwa mara. Badilisha robo tu.

Sponji ya filta ioshe kwa maji uliyotoa kwenye akwarium. Ya robine yanaua bakteria wanaokula amonia, sumu inayotoka kwenye uchafu wa samaki. Na maji ya Ziwa Kivu yana pH (kipimo cha asidi na alkali) karibu na 9, yaani ya alkali: hapo amonia kidogo tu ni sumu.

Wakiendelea kuhema, pima amonia au muone daktari wa mifugo.