Maswali ya Wasomaji: Barafu, Maji na Mvuke

SWALI: Katika jaribio la darasani tulipasha barafu moto. Kipimajoto kiligoma kwenye 0 kwa dakika kadhaa ingawa moto ulikuwa unawaka. Baadaye maji yalichemka kwenye nyuzi 97, na hata tulipoongeza moto hayakufika 100. Je, kipimajoto chetu ni kibovu? (Mwanafunzi wa sekondari)

JIBU: Yawezekana kabisa kwamba ni kizima. Watu wengi huchanganya joto na halijoto. Joto ni nishati unayoiingiza. Halijoto inaonyesha jinsi chembe zinavyochangamka. Ndani ya barafu, molekuli za maji zimeshikana, kila moja mahali pake, zikitikisika tu. Barafu ikishafika nyuzi 0, nishati inayotoka kwenye moto inatumika kuzilegeza zipate kutelezana. Hakuna inayobaki ya kuzichangamsha zaidi, na ndiyo maana kipimajoto kinasimama. Nishati hiyo inayoingia bila kuonekana kwenye kipimajoto huitwa joto fiche.

Kuyeyusha gramu 1 ya barafu kunahitaji jouli 334. Kupandisha gramu hiyo ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 100 kunahitaji jouli 418 hivi. Kuigeuza yote kuwa mvuke? Jouli 2,257, yaani zaidi ya mara tano ya kazi yote ya kuichemsha. Kwa hiyo kama moto wenu ni wa kiwango kimoja na barafu ya gramu 200 imeyeyuka kwa dakika 4, maji yatachukua kama dakika 5 kufika kwenye mchemko, halafu takriban dakika 27 kukauka, tukiliacha kando joto linalopotelea hewani.

Kuhusu 97, kwanza kipimeni kipimajoto chenyewe. Jazeni glasi barafu iliyopondwa, ongezeni maji kidogo ya kujaza nafasi, korogeni kwa dakika mbili, kisha tumbukizeni kipimajoto. Kikisoma 0, upande huo kiko sawa, na mtuhumiwa wa kwanza anakuwa mwinuko wa mahali mlipo. Maji huchemka pale msukumo wa mvuke wake unapolingana na mgandamizo wa hewa iliyo juu yake. Mahali palipoinuka hewa ni nyepesi, hivyo mvuke hauhitaji nguvu nyingi kuishinda. Kiwango cha mchemko hushuka kwa kama nyuzi 1 kila mita 300 za mwinuko. Nyuzi 97 inalingana na mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari.

Kuongeza moto hakusaidii, kwa sababu nishati ya ziada inatoka na mvuke. Ukitaka maji yavuke 100, yafungie kwenye sufuria ya presha: mgandamizo ukifika mara mbili ya ule wa kawaida, maji huchemka kwenye nyuzi 120 hivi.

Mkirudia jaribio, pondeni barafu. Mabonge makubwa huacha mifuko ya maji iliyokwisha kupata joto huku barafu ingali katikati, na kipimajoto kikiangukia humo kitasoma 3 au 4. Korogeni bila kuacha. Ncha ya kipimajoto isiguse kitako cha chombo, maana hapo mtakuwa mnapima chombo. Andikeni kipimo kila baada ya nusu dakika.

SWALI: Ule moshi mweupe unaotoka kwenye birika ndio mvuke?

JIBU: Hapana, wala si moshi. Tazama kwa makini mdomo wa birika linalochemka: kabla ya weupe kuanza, kuna pengo dogo ambalo halionyeshi kitu. Hapo ndipo mvuke wenyewe ulipo, nao ni gesi isiyoonekana. Weupe ni vitone vidogo vya maji, mvuke uliokutana na hewa baridi ukarudi kuwa kimiminika.

Usipeleke kidole kwenye pengo hilo kuhakikisha. Mvuke unapogusa ngozi hugeuka maji na kuiachia ngozi zile jouli 2,257 kwa kila gramu, kisha maji hayo yanaendelea kupoa juu yake. Gramu 1 ya mvuke huipa ngozi karibu mara 10 ya joto ambalo gramu 1 ya maji yanayochemka ingetoa. Kifuniko cha sufuria kifunuliwe kwa kukielekeza mbali nawe.

SWALI: Chupa ya kioo niliyoigandisha ikiwa imejaa maji imepasuka. Kwani baridi haisinyazi vitu?

JIBU: Vingi husinyaa, nta ya mshumaa, kwa mfano, hubonyea katikati inapoganda. Maji ni mkaidi. Yakiganda, molekuli zake hujipanga kwa mpangilio wenye nafasi wazi, na ujazo unaongezeka kwa asilimia 9 hivi. Mara nyingi sehemu ya juu huganda kwanza na kuziba shingo kama kizibo, na maji ya chini yakikosa pa kwenda yanasukuma kioo. Acha wazi angalau sehemu moja ya kumi ya chombo, na tumia chenye mdomo mpana kuliko kitako.

SWALI: Vidonge vya naftalini vya kufukuzia nondo vinaisha kabatini bila kulowesha nguo. Vinakwenda wapi?

JIBU: Hewani. Naftalini huyeyuka kwenye nyuzi 80, lakini hata kwenye joto la kawaida chembe za juu huponyoka moja kwa moja kutoka yabisi hadi gesi. Ile harufu ndiyo kidonge chenyewe kikiondoka, na ni sumu, kwa hiyo usikipashe moto chumbani.

Barafu kavu, yaani kabonidayoksaidi iliyogandishwa, hufanya vivyo hivyo kwenye nyuzi 78.5 chini ya sifuri. Ili iwe kimiminika inahitaji mgandamizo wa zaidi ya mara tano ya ule wa hewa. Kilo 1 hutoa zaidi ya lita 500 za gesi, hivyo ukiifungia kwenye chupa, chupa italipuka. Ishike kwa glavu nene, na chumba kiwe na madirisha wazi, kwani gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hutuama chini.