Barua kwa binti yangu aliyepandishwa cheo

Temeke, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Nimeupata ujumbe wako kwamba umetoka uafisa na sasa ni meneja rasilimali watu. Hongera sana, mama. Umeniuliza unahitaji ujuzi gani ili uimudu kazi hiyo, maana wenzako wengi wa ngazi yako wana shahada ya pili na wewe huna. Ukasema unaniuliza mimi kwa kuwa nilikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kiwandani, nikikaa na hao mameneja uso kwa uso.

Shahada ya pili isome ukipata nafasi. Ila mameneja niliowaona wakifaulu walikuwa na jambo moja ambalo wengine hawakuwa nalo: waliweza kumwambia mkurugenzi "bado, mzee" kabla uamuzi haujatoka, na wakawa na sababu mkononi.

Kuna kijana wa idara ya ufungashaji alikutwa amelala kwenye zamu ya usiku. Msimamizi akaandika malalamiko, na mkurugenzi akaagiza msimamizi huyohuyo awe mwenyekiti wa kikao cha nidhamu, asubuhi ileile, jambo liishe. Meneja wetu wakati huo alikuwa mama mmoja mpole, sauti yake ndogo. Alikwenda ofisini kwa mkurugenzi na faili kwapani, akamwonyesha Kanuni za Utendaji Bora, zilizotungwa chini ya sheria ya ajira: mwenyekiti asiwe mtu aliyehusika na tukio, na mtuhumiwa apewe muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48, na aruhusiwe kuja na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Kikao kikaahirishwa. Kilipokaa, yule mama aliomba daftari la zamu liletwe mezani. Tukaona wote kwamba kijana aliingia kazini asubuhi ya jana yake, akaunganishwa na usiku kwa sababu mwenzake hakutokea. Sheria hairuhusu mtu kufanyishwa kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Kijana alipewa onyo la maandishi kwa kutotoa taarifa kwamba amechoka, na msimamizi akatakiwa kueleza upangaji wake wa zamu. Hakuna aliyefukuzwa. Tangu siku hiyo wafanyakazi walianza kupeleka matatizo yao kwa yule mama mapema, kabla hayajafika kwetu chamani.

Mimi niliyekuwa mpinzani wake mezani nakwambia: alikuwa meneja bora kuliko wote niliokutana nao, na kampuni ilimhitaji kuliko ilivyojua.

Ujasiri wa namna ile huletwa na kusoma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 na hizo kanuni za 2007 ziwe mezani kwako, zenye alama za kalamu, na uangalie marekebisho kila yanapotoka, usitegemee nakala uliyotoka nayo chuoni. Mwajiri akimwachisha mtu kazi, ni yeye anayetakiwa kuthibitisha kwamba sababu ni halali na utaratibu ulikuwa wa haki. Akiwa na sababu nzuri lakini karuka utaratibu, mfanyakazi ana siku 30 za kwenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kulalamika, na kesi itamwelemea mwajiri. Mkurugenzi asiyeguswa na machozi ya mtu huguswa na hasara, nawe mweleze kwa lugha hiyo bila kuona haya, maadamu haki inatendeka.

Hali ni hiyohiyo kwenye kupunguza wafanyakazi. Watu wanaitwa kujadiliana wakati jambo bado linafikiriwa. Nimewahi kuitwa kwenye "mashauriano" huku barua zimeshachapwa na kusainiwa, na nilimwonea huruma meneja aliyetumwa kuja kutuzuga. Usikubali kutumwa hivyo, mwanangu. Hilo nakuomba kama mzazi.

Halafu kuna hesabu, na hapa nakuhimiza usiwaachie wahasibu peke yao. Mfanyakazi wa kawaida haijui sera ya kampuni, anaijua karatasi yake ya mshahara. Pale ndipo anapokupima. Saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, saa za usiku ziongezwe angalau asilimia 5, michango ya NSSF ifike inakotakiwa kufika na isiishie kwenye makato. Mtu akija analalamika kwamba pesa yake imepungua, mkalishe, fungua hesabu mbele yake, mpitishe mstari kwa mstari. Dakika kumi hizo zinazuia mgomo baridi wa mwezi mzima.

Kutunza siri sina haja ya kulieleza kirefu, umelelewa nyumba hii. Ila ujue tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo faili la mtu lenye cheti cha hospitali si la kuzagaa mezani kwa karani. Binti akikuambia ni mjamzito, habari isifike kwenye mstari wa mashine kabla yake. Hesabu zake siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, umwandikie barua mapema ili asije akabembeleza kitu ambacho ni haki yake.

Wiki yako ya kwanza usiimalizie ofisini. Nenda zamu ya usiku, tena bila msafara. Uliza wanakula nini, wanarudije Mbagala au Gongo la Mboto saa hizo, choo kina maji? Andika, kisha rudi na majibu, hata kama jibu ni kwamba mwaka huu fedha hakuna.

Umesema mazungumzo ya mkataba wa hali bora, ule wa chama na mwajiri kuhusu maslahi ya wafanyakazi, yanaanza mwezi ujao na chama kimeshaleta mapendekezo. Njoo nayo Jumapili baada ya chakula cha mchana, nikuonyeshe vipengele ambavyo katibu wa tawi huviweka ili apate pa kupunguzia, na vile ambavyo hawezi kuviachia akarudi kwa wanachama wake salama. Mama yako anakusalimu, anasema uje na wajukuu.

Baba yako