Jibu: Pompeii bado kuna jipya?

Mkuu, umeuliza kama Pompeii, ule mji wa kale wa Warumi huko Italia uliofukiwa na volkano ya Vesuvius, imebaki na jipya, maana wanaichimba tangu 1748. Lipo tele. Karibu theluthi moja ya mji bado imefukiwa.

Kilichonikuna mimi ni maandishi ya mkaa yaliyotangazwa Oktoba 2018. Nyumba ilikuwa kwenye ukarabati, mtu akaandika ukutani siku ya 16 kabla ya Novemba mosi kwa hesabu ya Warumi, yaani Oktoba 17. Sasa vitabu vingi vinasema Vesuvius ililipuka Agosti 24, mwaka 79, kwa kufuata nakala za barua ya Pliny Mdogo, Mrumi aliyeushuhudia mlipuko huo. Yule wa ukutani hakuandika mwaka, kwa hiyo wabishi wapo, ila mkaa hufutika upesi. Sidhani ungedumu pale tangu Oktoba ya mwaka uliotangulia. Niko upande wa Oktoba.

Halafu kuna "mama ntilie" yao, iliyotangazwa Desemba 2020. Kaunta imechorwa bata wawili kichwa chini, tayari kwa sufuria, na kwenye mitungi yamekutwa mabaki ya bata, mbuzi, nguruwe, samaki, hadi konokono. Mtungi wa divai ulikuwa na maharage yaliyosagwa, ya kurekebisha rangi na ladha. Uchakachuaji haukuanza jana!