Jibu: Kama chui hayupo, msitu tunaulinda wa nini?

Waalaykum salaam sheikh. Umeuliza kuna haja gani ya kukatazwa kukata kuni maweni (msitu unaoota juu ya mawe ya matumbawe) ilhali chui wa Unguja hajulikani yu hai au keshatoweka. Suali la haki. (Ile video ya 2018 inayodaiwa ni yeye, mimi sijaridhika nayo.)

Lakini chui anakula, na chakula chake ndo hao paa nunga (paa wadogo wa msituni) na kima punju (kima wekundu wa Unguja), wanaokaa mumo humo maweni tunamogeuza mkaa na kuni za tanuri la chokaa. Ukiufyeka msitu, chui akiwepo atashuka mabandani kwa mbuzi wako. Hapo hana rafiki. Baada ya Mapinduzi ya 1964 alisakwa sana, watu wakisema anafugwa na wachawi.

Hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa 2004, ni kama kilomita za mraba 50 tu. Kwa hiyo kazi kubwa iko nje yake, kwenye misitu ya vijiji vya kusini mpaka Muyuni: isikatikekatike, na kusaka paa kwa mbwa na nyavu kukome. Kuni za kupikia, pandeni mivinje.